Sahani ya Mama Mkwe

Kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa kudhaniwa vibaya, na mwaka aliokuja kukaa nasi mama mkwe nilikuwa nao wote wawili. Ule wa kwanza nilishauzoea. Nilitoka Kigoma nikiwa bado binti, nikaja Kigali kufanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo kule Muhima, na tangu nianze kazi ile sikumbuki asubuhi niliyoamka nimeshiba usingizi. Madereva wa malori hupiga simu kabla hujanawa uso. Mteja anataka mzigo wake leo, mpakani wanataka karatasi moja zaidi, na wewe uko katikati unaomba radhi kwa lugha tatu. Jioni pikipiki hunishusha Kagugu miguu imevimba, na hapo ndipo kazi ya nyumbani inaponipokea. Sikuwa nikilalamika. Nilikuwa nimechoka tu, kama wenzangu wote pale ofisini.

Uchovu wa pili sikuwahi kuujua. Huo uliingia na mama mkwe, na begi lake dogo, na kile kitenge chake cha rangi ya kahawia alichojifunga hata ndani ya nyumba.

Alikuwa akiishi peke yake kijijini, kwenye kilima cha wazee wake, tangu familia iliporudi kutoka Burundi. Miaka yao ya ukimbizi waliishi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Ndiko mume wangu alikokulia, na ndiko mama yake alikookota Kiswahili chake, cha kununulia na kuuzia, lakini kilitutosha mimi na yeye. Kisha kiharusi kikamgusa. Hakikumwangusha kabisa, kilimlegeza mkono wa kushoto na kumfanya aburute mguu. Watoto wake wakakaa kikao, na kwa kuwa mume wangu ndiye mwana wa kiume aliyebaki nchini, mama akaletwa kwetu. Daktari alituambia jambo moja, akalirudia: vidonge vyake visimezwe juu ya tumbo tupu. Mama lazima ale, tena ale vizuri.

Mume wangu ana zamu za uwanja wa ndege, leo asubuhi, kesho usiku, kwa hiyo neno "ale" lilikuwa langu.

Siku ya kwanza nilipika kama ninavyopikia mgeni wa heshima. Sombe ya mawese, ndiyo kisamvu, samaki wetu wa migebuka niliowaagiza kwa watu wa kwetu, wali, maharage, ndizi. Nikapanga mezani, nikamvutia kiti, watoto wakakaa, mume wangu akasali. Mama mkwe akatazama sahani yake kwa adabu kubwa, akaigusa kwa ncha ya kijiko, halafu akaweka kijiko chini.

"Chakula iko muzuri sana," akasema. "Lakini mi nashiba."

Ameshiba nini, na ametoka safarini? Nikacheka. Kwetu Kigoma mgeni haruhusiwi kushiba kabla hajala. Unamsihi, unamtania, ukiona bado anajivuta unamkatia tonge unamtia mkononi. Kukaa karibu naye mpaka amalize ndiyo heshima yenyewe, na anayekula peke yake kwetu ni mgonjwa wa kuambukiza au mtu aliyegombana na ndugu zake. Basi nikasihi. Nikasogeza kiti changu karibu na chake. Nikamwambia, "Mama, kidogo tu, kwa ajili yangu." Akala vijiko viwili huku ameinamisha kichwa, akaniambia asante, akaomba apelekwe kulala.

Nilisema moyoni, ni ugeni, utamtoka. Haukumtoka. Kila jioni nilipika, kila jioni nilikaa ubavuni pake nikimbembeleza, na kila jioni alishiba kwa macho. Nikaacha samaki, maana niliambiwa wazee wengi wa huku hawamjui samaki. Nikaacha mawese. Nikapika viazi vyao, maharage yao, dodo, mchicha wao, bila hata kitunguu. Wapi. Na kilichonitia uchungu ni kwamba maziwa aliyanywa mbele yetu sote bila wasiwasi, kashika kikombe vizuri, taratibu, mpaka tone la mwisho. Maziwa yanatoka kwa muuzaji wa maziwa pale chini ya barabara. Chakula kinatoka mkononi mwangu. Nani asingeelewa?

Kuna mama jirani tuliyemwomba aje mchana, amwangalie na kufua nguo wakati mimi niko Muhima. Siku moja nikamuuliza kama mgonjwa anakula japo chochote.

"Anamaliza, mama," akanijibu. "Kila kitu."

"Unampikia nini?"

"Ninamupashia ile ulibakisha jana. Ninaweka kwa meza, mi naenda kwa nguo zangu. Nikirudi, sahani iko nyeupe."

Chakula kilekile. Chakula nilichompa jana yake kwa mikono miwili akakikataa, leo anakimaliza kikipashwa na mtu mwingine. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikiwa bado na mkoba begani. Kwa hiyo haikuwa chumvi wala mawese. Ilikuwa mimi.

Ukitoka Kigoma, kuna jambo moja unalizoea kusikia popote uendapo, kwa utani na bila utani: kwenu kuna wachawi. Nimesikia hilo Dar es Salaam, nimesikia hapa, nimelisikia ofisini kwangu siku mteja alipoanguka kizunguzungu baada ya kunywa chai yangu. Huwa nacheka. Lakini safari hii lilinichoma, kwa sababu niliona limeingia ndani ya nyumba yangu na kukaa mezani. Mama wa mume wangu anaogopa sahani yangu. Nilimlaumu na nilimhurumia kwa pamoja, maana alikuwa akikonda machoni pangu na vidonge vinamsokota tumbo.

Nikaamua kumwonyesha kwamba mimi ni mtu safi. Hata kwao huku, mwenyeji akikupa kinywaji hukionja kwanza. Basi nikaanza kuonja kila kitu mbele yake. Nachota, nakula, nameza, namtazama. Hakuwa hata akiniangalia. Nikaenda mbali zaidi: nikaacha meza kabisa, nikamfuata chumbani kwake na sinia moja, nikatandika mkeka, nikakaa naye uso kwa uso, nikala kwa mkono upande wangu na kumsukumia vinono upande wake, kama nilivyokuwa nikila na bibi yangu. Nilidhani hapo nimemaliza maneno. Nani ataogopa sumu kwenye sinia ambalo mpishi mwenyewe analamba vidole?

Mama mkwe alijivuta mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alivuta kitenge hadi kidevuni. Kila nilipotia tonge mdomoni, yeye aligeuza uso, na nilipomsihi zaidi niliona macho yake yamejaa maji.

"Mi nashiba, mwana wanjye," akasema, mwanangu, kwa sauti ya mtu anayeomba aachiwe. "Nashiba. Asante."

Nikabeba sinia langu nikatoka. Sikuwahi kuacha chakula chumbani mwake, kwa ajili ya panya. Nilipiga moyo konde, kesho yake nikajaribu tena. Na kesho kutwa.

Mume wangu nilimwambia. Nilimwambia kila alipokuwa macho. Alinijibu kwa utulivu ule wake ambao siku nyingine ndio ulionifanya nimpende na siku hizo ulinifanya nitamani kumtupia mwiko.

"Mama anakula."

"Jioni anakula lini? Mimi ndiye ninayekaa naye. Hali."

"Anakula tu. Usimsumbue."

Usimsumbue. Mimi niliyekuwa naamka kabla ya jogoo kumchemshia uji, niliyekuwa nachambua maharage nikisinzia, ndiye ninayesumbua. Tuliacha kuzungumza kwa siku kadhaa, zaidi ya habari za ada na gesi.

Wifi yangu anakaa Kanombe, mumewe ni askari. Ni mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, na ukali wake hutauona mpaka umeshakukata. Alikuja Jumapili moja baada ya misa, akakaa na mama yake muda mrefu chumbani, akatoka akaniomba tuketi barazani. Akasifu maua yangu. Akasifu watoto. Halafu akasema:

"Wifi, mama amekauka. Mi sisemi mutu. Una kazi nyingi, tunaiona. Lakini mwezi ukiisha akiwa hivi, nitamutwaa kwangu, nimulishe pole pole."

Nikasema sawa wifi, ni vizuri. Nilisema kwa tabasamu. Na nisidanganye, nusu yangu ilitaka kufunga lile begi dogo jioni ileile na kumpakia mama kwenye gari. Ningelala. Ningerudi kutoka Muhima na kunyoosha miguu kama binadamu. Lakini nusu nyingine ilijua hadithi itakayobaki nyuma yake: mama alipelekwa kwa mwanawe wa kiume akakosa kula kwa mke wake Mtanzania, ikabidi binti amwokoe. Hadithi kama ile haiondoki. Ingekaa kwenye kila harusi na kila msiba, mimi nikipita na trei watu wakikumbuka. Na tena, japo nilichoka naye, nilishampenda yule mzee. Mchana alikuwa akikaa na watoto wangu na kuwatega vitendawili, wakishindwa anacheka mpaka anashika mbavu kwa mkono wake mmoja mzima. Sikutaka aondoke nyumbani kwangu akiwa na njaa.

Mwezi ule ulikuwa unakatika. Ikafika Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, barabara kimya, maduka yamefungwa, kila nyumba imetoa watu wake na majembe. Mume wangu alitangulia. Mimi nilichelewa kwa sababu ya watoto, nikampelekea mama sahani yake chumbani, viazi na maharage, nikaanza kuvuta kigoda nikae kama kawaida. Jirani akanipigia kelele kutoka nje kwamba kiongozi wa mtaa ameanza kuangalia nani yupo. Nikaacha sahani palepale kwenye stuli, nikamwambia mama nitarudi kumlisha, nikatoka mbio na watoto nyuma yangu.

Nilipofika kwenye kona nikagundua sina glavu, na viganja vyangu havikuwa na hali ya kushika jembe bila glavu. Nikawaacha watoto kwa jirani, nikarudi. Nyumba ilikuwa kimya. Glavu zilikuwa kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba cha mama, na mlango ulikuwa wazi kama nilivyouacha.

Alikuwa amesogeza stuli karibu na ukuta, naye ameelekea ukutani, na alikuwa anakula. Anakula kweli, ameiinamia sahani, shavu limejaa, kijiko kinakwenda haraka kama cha mtu anayeogopa kukutwa. Sijui nilitoa sauti gani. Aligeuka. Tukaonana. Akadondosha kijiko, akajifunika mdomo kwa kitenge, na juu ya kitenge macho yake yakanitazama kwa aibu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Kama ningemkuta uchi asingenitazama vile.

Nikaokota glavu nikakimbia.

Kwenye mtaro tuliokuwa tunauzibua nilishika jembe nikachimba kama ninamzika mtu. Sikuwa na huruma hata kidogo, nilikuwa nimekasirika hasa. Kumbe anakula hata cha mkononi mwangu! Kumbe ananificha! Anakikataa chakula mbele yangu, akibaki peke yake anakivamia, halafu binti yake akija anamwonyesha mashavu yaliyoingia ndani. Mwezi mzima nimelia juu ya masufuria kwa ajili ya mchezo. Mume wangu alikuwa akichota matope hatua chache kutoka kwangu. Nikamsogelea nikamweleza kwa kunong'ona, majirani wasisikie, ingawa nusu ya majirani walielewa Kiswahili na wote walikuwa wamepunguza mwendo wa majembe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaegemea koleo lake akaanza kucheka.

"Sasa ulitaka ale vipi?" akasema. "Mbele yako?"

"Mbele yangu, ndiyo. Mbele ya nani tena?"

"Mama wa zamani hali mbele ya watu. Ni aibu. Mimi sijawahi kumwona mama yangu akila, hata siku moja. Buyenzi tulikuwa chumba kimoja, watoto tumejaa, akitaka kula anavuta pazia. Sisi tunajua, tunatoka nje."

"Na maziwa?"

"Maziwa si chakula, maziwa ni maziwa. Kunywa si kula."

Nilimtazama huyu mwanaume niliyezaa naye watoto wawili. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nilidhani hata kwenu wazee ndivyo walivyo."

"Kwetu mzee anakula na mtaa mzima na bado anauliza nani hajafika."

Akaendelea kucheka mpaka nilipomsimulia habari ya kuonja, na ya sinia, na ya mkeka. Hapo akaacha. Akalitazama tope.

"Ulikula uso kwa uso na yeye?" akauliza. "Sahani moja?"

Nikamwambia ndiyo, kila jioni. Akarudi kwenye koleo lake. Nami nikabaki na jembe mkononi nikizipitia jioni zile moja moja: mimi nikitafuna mbele yake, nikimsogelea, nikimshikia tonge, na yeye akirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Nilidhani ananikataa, kumbe alikuwa akisubiri nitoke. Kadiri nilivyozidisha wema ndivyo nilivyozidi kumnyima chakula.

Jioni ile nilipeleka sahani, nikaiweka kwenye stuli pale ukutani, nikasema, "Mama, ninaenda kufua," nikafunga mlango. Nguo zilikuwa zimeshafuliwa. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni bila kazi yoyote, na baada ya muda nikasikia kijiko kinagonga sahani. Nililegea mabega. Nikagundua kwamba wakati ule mama akila ndio ulikuwa muda pekee wa siku nzima ambao hakuna aliyeniita, na tangu jioni ile nikaanza kuutamani kama wengine wanavyotamani likizo.

Mambo hayakunyooka mara moja. Siku kadhaa mama hakunitazama. Akitaka maji aliwatuma watoto, akitaka kuniaga aliuaga mlango. Nilimwonea haya na yeye alinionea haya, tukapishana kwenye korido tukiwa tumeinamisha vichwa kama wachumba. Lakini alikuwa anakula, na mwili wake ulionyesha. Wifi alikuja katikati ya mwezi uliofuata, akamkuta mama yake barazani anapukuchua maharage, mashavu yamerudi. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akasifu tena maua yangu. Neno la Kanombe halikutajwa. Nilienda jikoni nikalia kidogo kwenye sinki, halafu nikaosha vyombo.

Tukaishi vizuri. Nasema vizuri kwa maana ya kwamba kila mtu alijua atoke chumba gani na saa gani. Uchovu wa Muhima uliendelea, ule mwingine ulipungua, nikadhani umekwisha.

Msimu wa mvua kiharusi kikarudi, na safari hii hakikugusa tu. Alilala hospitali, akalishwa kwa mpira wa puani, na tuliporudishiwa mama yetu mkono wa kulia nao ulikuwa umekufa ganzi na mdomo umepinda. Wakatuambia mpira umetolewa, sasa ameze mwenyewe, uji mzito, kijiko kidogo kidogo, kichwa kikiwa juu, asipaliwe. Lakini kijiko hicho hawezi kukishika.

Wifi alichukua ruhusa akahamia kwetu na mkoba wake. Ilikuwa haki yake, yeye ndiye aliyetoka tumboni mwake. Mimi nilipika uji wa mtama, nikaumimina kwenye bakuli, nikamkabidhi mlangoni nikarudi jikoni. Nilishajifunza mahali pangu, na mahali pangu palikuwa nje. Nikasikia wifi akibembeleza kwa Kinyarwanda, pole pole kama alivyoahidi. Bakuli likarudi limejaa. Mchana likarudi limejaa. Mume wangu akaingia, mwanaume mzima na kijiko cha mtoto mkononi, akatoka amekunja uso, anasema mama ameuma meno na kugeukia ukuta. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Mdomo wake ulikuwa kitu pekee kilichobaki chini ya amri yake, na aliufunga.

Jioni ya siku ya pili wifi alitoka na uji uliopoa, akauweka juu ya jiko, akakaa kwenye ngazi yangu akilia bila sauti.

"Anakutaka wewe," akasema.

"Mimi? Kufanya nini?"

"Sijui. Amesema umukazana wanjye. Amenitoa."

Umukazana, mkamwana. Nilikuwa nimetoka Muhima muda uleule, viatu bado mguuni, tangu asubuhi sijatia kitu tumboni zaidi ya chai ya ofisini. Nilipasha uji upya. Njiani kuelekea chumbani niliwaza kwamba anataka kunikabidhi watoto wake, kama wazee wanavyofanya wakijua wanaondoka.

Alikuwa ameegemezwa mito. Alinionyesha mlango kwa macho. Nikaufunga. Nikasimama na bakuli, sijui pa kujiweka.

"Leta," akasema. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, mazito, lakini niliyasikia. "Wewe iliniona. Siku ile. Bale batoto bangu, abakuniona." Akapumzika. "Kwako, aibu ikaisha."

Nikaelewa. Hakuwaficha watoto wake maisha yote ili aje awafungulie mdomo leo, umepinda, uji unadondoka kidevuni. Kwangu mimi hakukuwa na cha kuficha tena, nilishakiharibu kwenye ile Jumamosi ya glavu. Sijui kama hiyo ni heshima. Niliipokea kama heshima, na nikaipokea pia kama mzigo, kwa sababu papo hapo nilijua kwamba hakuna mwingine atakayeweza kunipokea kijiko hiki, si kesho wala mwezi ujao, na kwamba dakika zangu za kukaa kwenye ngazi zimekwisha. Huko nje wifi alikuwa analia kwa kuwa hakuchaguliwa. Mimi nilimwonea wivu kwa kuwa alikuwa amekaa.

Nikavuta stuli. Nikajaza kijiko, nikakipeleka, na mimi nikageuza uso wangu ukutani. Nililisha kwa kusikia: pumzi, kumeza, kimya, kijiko kingine. Nilipokosea nikamgusa pua, aliguna tu. Kuna wakati nilifuta kidevu chake kwa ncha ya kitenge bila kutazama, kwa mkono unaopapasa, naye akaniachia. Uji ukapungua mpaka nusu, ukapita nusu. Kisha akafunga mdomo taratibu.

"Nashiba," akasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Nikainuka nitoke. Nilishika ukingo wa kitanda, maana kizunguzungu kilinipanda ghafla, nikasubiri kipite. Aliniona.

"Wewe ukakula?"

"Bado, Mama. Nitakula."

"Wapi? Saa gani?" Akatafuta pumzi. "Mi nakuonaka. Unalisha bantu. Aukulake."

Hakuna mtu aliyewahi kuona kwamba mimi sili, wala kuniuliza swali lile, katika nyumba ile. Si kwa ubaya. Anayepakua hudhaniwa ameshakula.

"Uji iko," akasema. "Kaa hapo."

Nikabaki nimesimama na bakuli mkononi. Mama mkwe akajikokota kwenye mito, kidogo kidogo, kwa kazi kubwa, mpaka uso wake wote ukaelekea ukutani na kwangu kukabaki kisogo chake cha mvi.

"Kula," akasema. "Siangalii."

Nikakaa. Nikala uji wake uliobaki, kwa kijiko kilekile, nikilia kwa kuchoka, na yeye hakugeuka mpaka nilipomaliza.